Kwaresima ni ya Nani? Wakatekumeni, Majirani na Uhai wa Parokia



Nimeombwa nizungumze juu ya kuhuishwa kwa maisha ya kiroho ya parokia katika kipindi cha Kwaresima. Mada hii huja kila mwaka, na kila mwaka majibu yake yanafanana: tufunge, tusali, tutoe sadaka, tuungame. Majibu hayo ni sahihi na sitapinga hata moja. Shida ni kwamba tumeyapokea kama kazi ya mtu mmojammoja, kila mtu na mfungo wake, kila mtu na kitubio chake, halafu tunashangaa Pasaka ikipita na parokia imebaki ilivyokuwa. Kwaresima ilianza kwa namna nyingine. Ilikuwa safari ya Kanisa zima la mahali, likiwasindikiza watu wachache kwenda kisimani pa ubatizo. Ninaamini kwamba parokia zetu zitahuishwa siku tutakapowarudisha wakatekumeni katikati ya kanisa, na kuwarudishia majirani kazi yao ya zamani ya kushuhudia. Hilo ndilo neno langu la leo. Mengine yote nitakayoyasema yanalifafanua hilo.

Tuanze mbali kidogo. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325, katika kanuni yake ya tano, unazitaja siku arobaini zinazotangulia Pasaka kama jambo linalofahamika, bila kulieleza. Maana yake, mwanzoni mwa karne ya nne kipindi hiki kilikuwa tayari na jina na mahali pake. Na katika karne hiyohiyo tunamwona mtu mzima akiandikisha jina ili abatizwe: Augustino, Mwafrika wa Thagaste, mji ulioko leo nchini Algeria, mwalimu wa ufasaha, mwenye umri wa miaka 32. Mwaka 387 alijiandikisha Milano, akafundishwa katika Kwaresima pamoja na waombaji wengine, na usiku wa kuamkia Pasaka, kati ya tarehe 24 na 25 Aprili, Askofu Ambrosi akambatiza yeye, mwanawe Adeodato na rafiki yake Alipio. Mama yake Monika, aliyemwombea kwa machozi miaka na miaka, aliishi kuiona siku hiyo. Alifariki mwaka huohuo huko Ostia, wakiwa njiani kurudi Afrika. Msomi yule, ambaye vitabu vyake vinasomwa mpaka leo, hakupewa mlango wa pembeni. Alikaa benchi moja na watu wa kawaida akisubiri usiku uleule waliousubiri wao.

Lakini shahidi ninayempenda zaidi ni mwanamke aitwaye Egeria. Alikuwa hujaji kutoka upande wa magharibi wa dola ya Kirumi, aliyefika Nchi Takatifu katika miaka ya 380 na kuwaandikia dada zake wa nyumbani yale aliyoyaona. Maandishi yake yalipotea kwa karne nyingi, mpaka nakala moja, tena yenye kurasa pungufu, ilipopatikana Arezzo nchini Italia mwaka 1884. Kwa hiyo leo tunajua Kwaresima ya Yerusalemu ilivyokuwa kupitia macho ya mwanamke aliyekaa kanisani akatazama kwa makini.

Egeria anasimulia kwamba wanaotaka ubatizo huandikisha majina kabla Kwaresima haijaanza. Kipindi kikishaanza, kiti cha askofu huwekwa katikati ya kanisa kubwa, mapadre wakaketi huku na huku, na waombaji huletwa mmojammoja, mwanamume na msimamizi wake, mwanamke na msimamizi wake. Hapo askofu hageukii vitabu. Anawageukia majirani wa mwombaji na kuwauliza. Mtu huyu anaishi vizuri? Anawaheshimu wazazi wake? Si mlevi? Si mtu wa uongo na majivuno? Huendelea hivyo akiyataja makosa makubwa moja baada ya jingine. Mwombaji akionekana hana doa mbele ya mashahidi wake, askofu huandika jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Akishitakiwa kwa jambo, huambiwa atoke, akajirekebishe, na akisha kurekebika ndipo aje kisimani. Kisha Egeria anaongeza jambo linalonigusa kila nikilisoma: mgeni ambaye hapo mjini hana watu wanaomfahamu, hapati ubatizo kwa urahisi.

Tulitafakari hilo taratibu. Askofu wa Yerusalemu, kanisa la mama, mahali pa Msalaba na Kaburi, hakutosheka na kujua kwamba mwombaji amekariri mafundisho. Alitaka kujua anavyoishi na watu wa mtaani kwake. Na ili majirani waweze kujibu, ilibidi wawe wanamjua. Ilibidi wawe wamekaa naye, wamemwona akirudi nyumbani jioni, wamesikia anavyosema na mama yake. Tena jirani anayesimama mbele ya askofu kumshuhudia mwingine kwamba si mlevi, hawezi kusimama pale kesho yake akinuka pombe. Swali lililoulizwa juu ya mwombaji mmoja lilikuwa linaupima mtaa mzima. Hivyo ndivyo ubatizo wa wachache ulivyokuwa toba ya wengi.

Na kuna jambo la pili. Katika majuma yale askofu aliwafundisha waombaji kila siku asubuhi, kwa muda wa saa tatu, akiyafafanua Maandiko na kisha Kanuni ya Imani. Waamini waliokwisha kubatizwa nao waliruhusiwa kuingia, kuketi na kusikiliza. Baba wa miaka sitini aliyebatizwa zamani alikaa nyuma ya kijana anayesubiri ubatizo, akasikia upya kile alichokwisha kukisahau. Hakuna semina ya Kwaresima ninayoijua inayoweza kuushinda utaratibu huo.

Utaratibu huu ulififia Ulaya kwa sababu inayoeleweka: watu karibu wote wakawa wanabatizwa wakiwa wachanga, na wakatekumeni watu wazima wakatoweka. Kwaresima ikabaki na upande wake wa pili tu, upande wa toba. Majivu, ambayo zamani yalikuwa ya watubu wa hadharani, Papa Urbano wa Pili akataka mwaka 1091 yapakwe waamini wote. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano ukaagiza kila mwamini aungame walau mara moja kwa mwaka na kupokea Komunyo wakati wa Pasaka. Yote hayo ni mema, nasi tunayafuata hadi leo. Lakini taratibu Mkristo akazoea kuiona Kwaresima kama hesabu kati yake na Mungu wake, na jirani akabaki nje ya mlango.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa historia yetu inatofautiana na ya Ulaya, na tofauti hiyo ni utajiri. Kanisa la Afrika Mashariki lilijengwa na wakatekumeni watu wazima. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, kiini cha jumuiya yao kilikuwa watu waliokombolewa utumwani. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha Shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka huohuo wa 1868, aliweka kanuni kwamba mtu asibatizwe kabla ya kuandaliwa kwa miaka minne. Alikuwa mtaalamu wa historia ya Kanisa la kale, na alikwenda kuichukua kanuni hiyo hukohuko walikopita kina Egeria na Augustino. Miaka minne! Wako waliomwona mkali kupita kiasi. Yaliyotokea Buganda yalimpa haki.

Wamisionari wake walifika Buganda mwaka 1879. Mwishoni mwa mwaka 1882 walilazimika kuondoka, wakavuka kwenda kusini mwa Ziwa Viktoria, wakakaa Bukumbi, karibu na Mwanza. Hawakurudi mpaka Julai 1885. Kwa karibu miaka mitatu Buganda haikuwa na padre hata mmoja. Hapakuwa na Misa wala kitubio, na hapakuwa na paroko wa kutangaza ratiba. Walibaki walei: Yosefu Mukasa Balikuddembe katika ikulu ya Kabaka, Andrea Kaggwa nyumbani kwake, Mathia Kalemba Mulumba huko Ssingo. Hao waliwakusanya watu, wakasali nao, wakawafundisha. Mapadre waliporudi walikuta wakatekumeni wameongezeka kuliko walivyowaacha. Kisha mateso yakaja. Yosefu Mukasa aliuawa tarehe 15 Novemba 1885, na usiku wa siku hiyohiyo Karoli Lwanga akaenda kubatizwa. Miezi sita baadaye, usiku wa kuamkia 26 Mei 1886 huko Munyonyo, Lwanga naye, mlei aliyekuwa Mkristo kwa miezi hiyo sita tu, aliwabatiza wakatekumeni kadhaa, Kizito akiwa mmoja wao, kwa kuwa aliona kesho hawatapata padre. Tarehe 3 Juni wakachomwa moto Namugongo.

Tunawaita mashahidi, na ni haki. Lakini kabla ya kuwa mashahidi wa damu walikuwa katekista na mkatekumeni, jirani na jirani. Lwanga aliwajua vijana wale. Alikuwa amewachunga ikulu, alijua udhaifu wao na uthabiti wao, na aliweza kuwashuhudia mbele ya Mungu bila kusita. Yeyote anayetaka kujua parokia hai inafananaje, asiende kwanza kutazama majengo. Atazame Buganda ya miaka ile mitatu isiyo na padre.

Kanisa zima lilikuja kurudi kwenye chemchemi hiyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio ya Liturujia iliyotangazwa tarehe 4 Desemba 1963, ulisema Kwaresima ina sura mbili, ubatizo na toba, na ukaagiza sura ya ubatizo irudishiwe nafasi yake katika ibada na mafundisho. Ukaongeza kwamba toba ya kipindi hiki isiwe ya ndani na ya mtu binafsi tu, iwe pia ya nje na ya kijamii. Mwaka 1972 ukatoka mpango mpya wa kuwaingiza watu wazima katika Ukristo, wenye hatua zake. Dominika ya kwanza ya Kwaresima wakatekumeni huteuliwa na majina yao huandikwa. Dominika ya tatu, ya nne na ya tano huombewa sala za kutakaswa mbele ya waamini wote, na husomwa Injili tatu za Yohane: mwanamke Msamaria kisimani, kipofu tangu kuzaliwa, na Lazaro kaburini. Hata katika mwaka ambao masomo ni mengine, parokia yenye wakatekumeni inaruhusiwa kuzisoma Injili hizo. Hukabidhiwa Kanuni ya Imani, kisha Sala ya Bwana. Na katika Mkesha wa Pasaka hubatizwa, na sisi sote, mishumaa mikononi, hurudia ahadi zetu za ubatizo pamoja nao.

Hayo ndiyo yaliyomo katika kitabu. Katika parokia zetu nyingi mambo ni tofauti, na nayasema kwa huzuni kwa sababu nawapenda watu wa parokia. Wakatekumeni hukutana na katekista Jumamosi mchana, nyuma ya kanisa, katika darasa la chekechea au chini ya mwembe. Katekista huyo posho yake ni ndogo, na mara nyingi nauli anajilipia mwenyewe. Sala za kutakasa huachwa kwa sababu Misa itachelewa na Misa ya pili watu wake wameshajaa nje. Kwaya inafanya mazoezi ya nyimbo za Pasaka tangu Februari, kamati ya mapambo imeshapiga hesabu ya maua, lakini mkiuliza majina ya watakaobatizwa usiku ule, mtajibiwa na katekista peke yake. Mkesha unafika. Wanatokea mbele ya altare watu wazima ishirini waliovaa nguo nyeupe, na waamini wanatazamana wakiulizana hawa ni wa jumuiya gani. Msimamizi wa mmoja wao amekutana naye wiki iliyopita. Baada ya Pasaka wengi wao tunawapoteza, na tunasema imani yao haikuwa na mizizi. Mizizi ingeshika wapi, wakati udongo wenyewe hatukuwapa?

Nami nasema udongo tunao. Maaskofu wa Afrika Mashariki, chini ya AMECEA, waliamua katika miaka ya 1970, na hasa katika mkutano wao wa mwaka 1976, kwamba Kanisa la eneo hili lijengwe juu ya Jumuiya Ndogondogo za Kikristo. Huku kwetu Tanzania Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alilichukulia jambo hilo kwa uzito uliowashangaza wengi: alikwenda kuishi na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akifundisha kwamba Utatu Mtakatifu ni fumbo la kuiga katika kushirikishana maisha, si fumbo la kustaajabia tu. Leo hakuna parokia nchini isiyo na jumuiya. Nyumba kumi, kumi na tano, ishirini, zinakutana kila wiki sebuleni au uani kwa mmoja wao, wanasoma Injili, wanaombeana, wanazikana. Egeria angefufuka akatutembelea, angetambua mara moja kwamba hawa ndio majirani ambao askofu wa Yerusalemu aliwauliza.

Basi tumewapa majirani hao kazi gani? Mtu akitaka kumbatiza mwanawe, au kufunga ndoa, au kumzika mzazi wake, barua ya mwenyekiti wa jumuiya inahitajika. Hilo ni jema, kwa sababu barua hiyo ni ushuhuda. Lakini tazameni yanayoulizwa kabla ya barua kuandikwa. Amelipa zaka? Amemaliza mchango wa ujenzi? Mchango wa nyumba ya mapadre? Mahudhurio yake yakoje? Mama mjane anafika na jina la mtoto wake, anafunguliwa daftari, na daftari linaonyesha deni. Ndugu zangu wenyeviti, najua mnavyohangaika, najua parokia hailishwi na hewa, na najua wapo wenye uwezo wanaokwepa mpaka shida iwafike. Lakini askofu wa Yerusalemu aliuliza juu ya wazazi, ulevi na uongo. Siku ambayo jumuiya itakuwa na jibu kamili juu ya michango ya mtu na isiwe na jibu lolote juu ya namna anavyomtendea mkewe, siku hiyo jumuiya imeacha kuwa jirani na imekuwa ofisi ya mapato.

Na wanaume. Lazima niliseme. Katika jumuiya nyingi utahesabu akina mama kumi na tano na wanaume wawili, na mmoja wa hao wawili ndiye mwenyekiti. WAWATA, chama cha Wanawake Wakatoliki Tanzania kilichoanzishwa mwaka 1972, kimebeba Kanisa la nchi hii mgongoni, na ninawashukuru hadharani. Lakini haiwezekani nusu ya nyumba ishuhudiwe na nusu nyingine isijulikane.

Nije kwenye toba. Foleni za kitubio katika Juma Kuu zinanipa moyo. Mapadre wanakaa mpaka usiku, na watu wanasubiri na rozari mikononi. Ila kuna kundi kubwa ambalo halipangi foleni hiyo kwa sababu linaona halina haki ya kupanga: Wakatoliki wanaoishi pamoja kama mume na mke bila ndoa ya Kanisa. Wapo katika kila jumuiya. Wengine wana watoto wanne na wajukuu. Wanakuja Misa, wanaimba kwaya, wanatoa sadaka, na wakati wa Komunyo wanabaki kwenye benchi miaka yote hiyo. Wengine wana vizuizi vya kweli, ndoa ya awali au mwenzi asiyetaka, na hao wanahitaji padre wa kukaa nao kwa subira. Lakini wengi sana, na kila paroko analijua hili, hawana kizuizi chochote isipokuwa sherehe. Mahari haijaisha. Ndugu wanadai ukumbi, kamati, keki, suti. Wanaahirisha mwaka huu, wanaahirisha mwaka ujao, nywele zinaota mvi.

Hapa zipo parokia zilizokwisha kutuonyesha njia. Zinatangaza mafundisho ya kurudi kundini, wenye jumuiya wanawatembelea wenzao nyumbani, mapadre wanafuatilia karatasi, na siku moja zinafungwa ndoa za pamoja, jozi kumi, ishirini au zaidi, katika Misa moja, na jumuiya zinapika chakula kimoja kwa wote. Sijawahi kuona tendo la Kwaresima lililo zito kuliko hilo. Mzee wa miaka sitini anapokea Komunyo mara ya kwanza tangu ujana wake, na kilichomrudisha ni jirani aliyebisha hodi na kusema, kaka, twende, tutasimama nanyi. Sherehe ya ukumbi haikuhitajika kabisa. Kama jumuiya zetu zingefanya jambo hilo moja tu katika siku arobaini, zikaacha mengine yote, ningesema zimeishika Kwaresima.

Upo pia ugomvi. Mipaka ya shamba, mirathi, maneno ya kisimani, deni la mfuko wa kuweka na kukopa, tuhuma za uchawi zinazosambazwa chinichini baada ya msiba. Watu wawili wa jumuiya moja hawasalimiani, na wanapeana mkono wa amani Dominika kwa kuangalia pembeni. Hayo hayamalizwi na kitubio cha haraka cha Jumatano ya Juma Kuu. Yanahitaji wazee wa jumuiya kuketi nao jioni mbili, jioni tatu, kusikiliza pande zote, na kuwapatanisha kabla hawajaenda kwa padre. Bwana wetu alifundisha kwamba mtu anayekumbuka ugomvi akiwa mbele ya altare aiache sadaka yake palepale, aende kwanza kwa ndugu yake. Jumuiya ikiwasaidia kutii neno hilo, kitubio kitakuwa na kitu cha kutia muhuri.

Juu ya kufunga nitasema kwa ufupi, kwa kuwa mnafundishwa vya kutosha. Tangu Papa Paulo wa Sita alipopanga upya sheria ya toba mwaka 1966, Kanisa linalazimisha mfungo siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, ambao sasa huwahusu wenye miaka 18 hadi wanapofikisha 59, na kujinyima nyama Ijumaa kwa waliotimiza miaka 14. Sheria ni ndogo makusudi, ili upendo uwe na mahali pa kufanyia kazi. Kwa familia inayoonana na nyama Krismasi na Pasaka, kukatazwa nyama Ijumaa hakuna uzito. Kwa baba anayeacha nusu ya kipato chake baa, kufunga pombe siku arobaini ni kufunga kweli, na fedha ile ikifika nyumbani ni sadaka ya kweli. Augustino na Papa Leo Mkuu waliwahubiria watu wao jambo hilohilo: kilichookolewa kwa kufunga ni mali ya maskini. Na nabii Isaya, katika sura ya 58 tunayoisoma Ijumaa baada ya Majivu, hawapi nafasi wanaofunga huku wakiwakandamiza vibarua wao. Mwajiri wa dada wa kazi asimweleze habari ya mfungo wake kabla ya kumlipa mshahara wa mwezi uliopita.

Mwaka 2025, na tena mwaka 2026, Kwaresima na Ramadhani zilianza katika wiki moja. Katika nyumba zetu, ambamo shangazi ni Mwislamu na mjomba ni Mkatoliki, watu walifunga chini ya paa moja. Tuwatazame jamaa zetu kwa heshima na tujifunze kitu. Mfungo wao unaonekana mtaani: watu wanafuturu pamoja, sahani zinavuka ua, asiye na kitu anajua jioni ataitwa. Sisi tumefundishwa na Injili kufunga bila kujionyesha, na ni sawa. Lakini kutojionyesha hakumaanishi kila mtu ajifungie na mfungo wake. Sahani inaweza kuvuka ua bila tarumbeta.

Maaskofu wetu nao hawakutuachia Kwaresima iwe ya chumbani tu. Kenya, Tume ya Haki na Amani ya maaskofu huendesha kila mwaka kampeni ya Kwaresima, ambapo jumuiya zinajadili wiki kwa wiki mambo ya nchi yao: ardhi, rushwa, uchaguzi, mazingira. Hapa Tanzania ujumbe wa Kwaresima wa maaskofu wa mwaka 2018, mwaka wa jubilei ya miaka 150 ya uinjilishaji Tanzania Bara, ulizungumzia waziwazi uhuru wa watu na wa vyombo vya habari, na ukasomwa na kuzungumzwa nchi nzima. Waliokasirika walisema Kanisa libaki na sala. Lakini Mtaguso ulikwisha kusema toba ni ya kijamii pia, na mkatekumeni anayeahidi kumkataa Shetani na kazi zake zote ana haki ya kuonyeshwa kazi hizo ziko wapi katika nchi yake.

Sasa niwaombe, kila mmoja kwa nafasi yake. Baba Paroko, tunakuomba Dominika ya kwanza ya Kwaresima wakatekumeni waitwe majina yao mbele yetu sote, na sala za kutakasa zisiachwe hata Misa ikichelewa, tutasubiri. Makatekista, fungueni mlango wa darasa lenu kwa yeyote aliyebatizwa anayetaka kuja kuketi nyuma na kusikiliza, na Halmashauri Walei ihakikishe nauli yenu imelipwa kabla ya maua kununuliwa. Wenyeviti wa jumuiya, mkiandika barua ya mtu mwaka huu, andikeni anavyoishi. Mkatekumeni aliyehamia mtaani kwenu na hajulikani na mtu, huyo ndiye mgeni wa Yerusalemu. Mtembeleeni nyumbani kwake, mjue jina la mama yake, ili mtakapoulizwa muweze kujibu. Wanaume wa parokia hii, tukutane jumuiyani Jumamosi hii, si ya mwezi ujao. Na baada ya Pasaka, katika siku hamsini zinazofuata, msiwaachie waliobatizwa warudi peke yao gizani. Wapeni kazi, wapeni nyimbo, wapeni zamu ya kusoma somo.

Wakatekumeni wa parokia yetu wanakutana na katekista Jumamosi, saa nane mchana. Nawaombeni mwende.